UZI: Tui la nazi au sukari ya chai, kipi hasa kinachoumiza moyo?

#1 Kaskazi_Amu
Assalaam aleikum wana-jukwaa. Hapa Lamu ubishi huu hauishi barazani. Upande mmoja unasema tui ndilo linaloziba mishipa, mgonjwa wa moyo apikiwe wali wa maji na basi. Upande wa pili unasema nazi imeliwa tangu enzi za mababu, mkosaji ni sukari. Kila upande una video zake za simu. Naomba wanaojua waje na hesabu, tuache kurushiana maneno. Na tuzungumze chakula chetu: mahamri na mbaazi, wali wa nazi, samaki wa kupaka, kaimati, kahawa. Siagi na nyama ya nguruwe ya Wazungu tuwaachie wenyewe.

#2 Lishe_na_Moyo
Waaleikum salaam. Ubishi huu hatukuuanza sisi. Mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani alipata mshtuko wa moyo, na nchi nzima ikaanza kuuliza sababu. Mtafiti Ancel Keys akasema ni mafuta yaliyoshiba, yale ya siagi, samli na nyama. Mwaka 1958 akaanzisha utafiti wake wa nchi 7, kuanzia Japani hadi Ufini. Kule London, mtaalamu wa lishe John Yudkin akashika upande wa sukari, na kitabu chake cha mwaka 1972 kikamfanya achekwe na wenzake.

Yalijulikana baadaye mambo ya aibu. Mwaka 2016 nyaraka zilichapishwa zikionyesha kwamba chama cha wafanyabiashara wa sukari Marekani kiliwalipa watafiti wa Harvard waandike mapitio, yakatoka mwaka 1967 kwenye jarida kubwa la tiba. Mapitio yale yaliyabebesha mafuta lawama na kuipunguzia sukari. Msomaji hakuambiwa nani amelipa.

Wengi hukomea hapo na kusema, "Basi mafuta yamesingiziwa, tuleni samli." Sivyo. Shahidi akihongwa kumtetea mmoja, mshtakiwa wa pili haachiwi kwa sababu hiyo. Kila mmoja ana njia yake ya kuharibu.

Mafuta yaliyoshiba: ini lina vipokezi vinavyoivuta LDL, ile iitwayo kolesteroli mbaya, kutoka kwenye damu. Brown na Goldstein walipata Nobel mwaka 1985 kwa kazi iliyovifichua. Mafuta haya yakizidi, vipokezi hupungua, LDL inabaki ikizunguka, inapenya ukuta wa mshipa na kukwama humo miaka na miaka.

Sukari ya mezani ni nusu glukosi, nusu fruktosi. Fruktosi nyingi hushughulikiwa na ini, na ikija kwa wingi, hasa kwa maji maji kama soda, ini huigeuza kuwa mafuta. Mengine yanabaki humo humo, ndiyo ini la mafuta. Mengine yanatolewa kwenye damu kama trigliseridi. Trigliseridi zikipanda, HDL, ile iitwayo kolesteroli nzuri, hushuka na chembe za LDL huwa ndogo na nyingi zaidi. Kwa hiyo sukari nayo inafika kwenye mshipa ule ule, kwa kupitia mlango wa nyuma.

#3 Mtu_wa_Langoni
Maalim, umesema vyema lakini mbona watu wa zama za kae hawakufa kwa moyo, na mtuzi wa nazi ulikuwa chakula cha kila siku? Na si hapa tu. Visiwa vya Tokelau kule Pasifiki, zaidi ya nusu ya nguvu (kalori) ya chakula chao ilitoka kwenye nazi, na maradhi ya mishipa yalikuwa machache. Kisiwa cha Kitava, kule Papua New Guinea, nako nazi huliwa na maradhi ya moyo yalikuwa machache, na wengi wao wavuta tumbaku. Hilo mwalijibu vipi?

#4 Lishe_na_Moyo
Swali zuri, na utafiti wa Tokelau nauheshimu. Ila usome mpaka mwisho. Ulilinganisha Tokelau na Pukapuka, kisiwa kinachokula nazi kidogo zaidi. Kolesteroli ya Tokelau ilikuwa juu kuliko ya Pukapuka. Yaani nazi iliipandisha, kama tunavyotarajia. Maradhi hayakuonekana sana kwa sababu chakula kingine kilikuwa samaki na mashelisheli, sukari kidogo, na watu hawakukaa vitini kutwa.

Walipohamia New Zealand ndipo mambo yalipobadilika. Nazi ilipungua, sukari na vyakula vya dukani vikaongezeka, na trigliseridi zikapanda. Kwa hiyo mkongwe wa zamani alikula nazi akiwa mwembamba, akivuta nyavu na kupiga makasia. Mjukuu wake ana nazi ile ile, pamoja na soda, mkate mweupe na pikipiki ya kumpeleka mpaka mlangoni huko bara. (Hapa mjini angalau tunatembea, punda wetu tuwashukuru.)

Nazi ikishindanishwa moja kwa moja na mafuta mengine majibu ni wazi. Mapitio ya majaribio 16 yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha mafuta ya nazi yanaipandisha LDL kwa karibu 0.27 mmol/L ukilinganisha na mafuta ya mimea yasiyo ya kitropiki. HDL nayo ilipanda kidogo, na hapo ndipo wauzaji wa mafuta ya nazi wanaposhangilia. Shida ni kwamba uchunguzi wa jeni haukuonyesha kuwa kuipandisha HDL peke yake kunaulinda moyo. LDL ndiyo iliyothibitika kuwa chanzo.

#5 Kifumbu_na_Mbuzi
Mimi naongea kwa chungu na mizani. Nazi moja iliyokomaa hukupa nyama kama gramu 350. Katika kila gramu 100 za nyama hiyo, mafuta ni kama gramu 33, na karibu asilimia 90 yake yameshiba. Sasa chukua wali wa nazi wa watu 8: mchele kilo 1, nazi 2. Nyama gramu 700, mafuta gramu 230. Kwenye kifumbu huyapati yote, mengine hubaki kwenye chicha. Tuseme umekamua nusu tu: gramu 115 zimeingia sufuriani, kila mtu gramu 14, na karibu 13 kati yake zimeshiba.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mafuta yaliyoshiba ni asilimia 10 ya nguvu ya siku. Kwa mtu wa kalori 2000 ni gramu 22. Wali peke yake umeshamaliza zaidi ya nusu. Ukileta mbaazi za nazi pembeni na samaki wa kupaka juu yake, nazi 2 nyingine zimepita. Watu hawajui kwamba kinachowazidi ni tui mara tatu kwenye sinia moja. Tui la chungu kimoja halina kelele.

Kupunguza bila kuharibu ladha kuna namna yake. Nazi ikune, tia maji ya uvuguvugu, kamua tui la kwanza ulitenge. Mimina maji tena, kamua la pili, na la tatu ukitaka. Wali pika kwa la pili na la tatu, na nazi 1 badala ya 2. Mbaazi chemsha kwa maji mpaka ziive, kisha tui la pili, na mwisho kabisa vijiko vikubwa 4 vya tui la kwanza, koroga, chemko moja, epua. Ladha na harufu ya nazi zinasikika zaidi tui zito likiingia mwisho kuliko likichemshwa nusu saa. Ukiliacha likachemka kwa nguvu bila kukoroga litakatika, mafuta yatajitenga juu, na ulimi hautayasikia vizuri, kwa hiyo utaongeza nazi nyingine. Ndivyo nazi zinavyozidi.

Samaki wa kupaka: tui zito la nusu nazi linatosha samaki wa kilo 1 ukilipika na ukwaju, kitunguu saumu na pilipili mpaka linate kwenye mwiko. Paka kwa brashi. Kumwaga ni kufuru.

#6 Mwana_Shela
Bi Kifumbu, nimesikia kwamba mafuta mabaya ni yale yanayoganda. Mafuta ya nazi ya chupa nyumbani hayajaganda hata siku moja. Si ndiyo dalili kuwa ni mepesi?

#7 Lishe_na_Moyo
Hii inawadanganya watu wengi wa pwani. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 za Selsiasi hivi. Lamu mchana joto liko juu ya hapo karibu mwaka mzima, kwa hiyo chupa yako haitaganda. Ipeleke Limuru, au iweke kwenye friji usiku mmoja, utaikuta nyeupe kama nta. Kipimo cha kuganda kilitungwa kwenye nchi za baridi. Hapa kwetu tazama aina ya mafuta. La nazi lina mafuta yaliyoshiba zaidi ya asilimia 80, la mawese karibu nusu, samli na siagi karibu theluthi mbili ya mafuta yake, la alizeti karibu asilimia 11, la simsim kama 14.

Friji ina faida moja hapo: weka tui zito usiku, asubuhi tabaka gumu la juu liko tayari. Ondoa nusu yake kwa kijiko, mengine pikia.

Na kopo la mafuta magumu ya kupikia, soma lebo yake. Ukikuta maneno 'partially hydrogenated' lirudishe rafuni. Hayo ni mafuta ya transi, yanaipandisha LDL na kuishusha HDL kwa pamoja, hakuna mafuta mabaya kuliko hayo. Denmark iliyawekea kikomo mwaka 2003, na Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi asilimia 1 ya nguvu ya siku.

#8 Mtu_wa_Langoni
Haya, tui tumelifanyia hesabu. Sukari nayo ifanyiwe, isije ikaonekana mmeihurumia.

#9 Kifumbu_na_Mbuzi
Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4. Chetu cha kujaa hufika 6. Chai ya maziwa vijiko 3 vya kujaa ni gramu 18. Asubuhi moja, saa kumi jioni moja, usiku moja, jumla 54. Kikomo ni gramu 50 kwa kalori 2000, na kilicho bora ni 25. Hujala kashata, hujanywa soda. Soda ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30. Juisi ya embe iliyosagwa na kuchujwa na asali vinahesabika pia, asali isionewe haya kwa kuwa ni dawa. Embe na tende ukizitafuna nzima hazimo kwenye hesabu hiyo.

Mahamri: unga nusu kilo, sukari gramu 100, tui kikombe. Ukitoa 24, kila moja ina sukari gramu 4 tu. Tatizo la hamri ni unga mweupe na mafuta ya karai. Pima mafuta kwa mizani kabla ya kukaanga na baada ya kumaliza, gawa tofauti kwa idadi, ndio ujue limenywa kiasi gani. Mafuta yakiwa baridi, hamri linakaa muda mrefu karaini na kunywa sana. Yakiwa makali mno, nje linababuka na ndani bichi. Tosa kipande kidogo cha unga: kikizama na kupanda juu mara moja na povu dogo pembeni, ndipo. Ukiwa na kipimajoto, nyuzi 170 hadi 180. Usijaze karai, mahamri 5 kwa mara moja, mengi hushusha joto.

Mafuta yaliyorudiwa rudiwa: yakitoa povu lisilokufa, yakiwa meusi, yakifuka moshi mapema au yakinuka samaki wa juzi, mwaga. Kuongezea mafuta mapya juu ya kuukuu ni kuyaharibu mapya. Chuja kwa kitambaa kila yakipoa, makombo yaliyoungua ndiyo yanayoyamaliza haraka.

Kaimati ni karai na shira pamoja. Halua sina la kusema, ina vyote viwili na haina samahani.

#10 Mpima_Damu
Ninyi mnaongea chungu, mimi naongea kipande cha karatasi cha maabara, kwa sababu hapo ndipo mtu anaweza kujua linalomsumbua ni tui au sukari.

Tuchukue karatasi mbili za mfano, zote kolesteroli jumla 6.2 mmol/L.

Karatasi A: HDL 0.9, trigliseridi 2.8.
Karatasi B: HDL 1.6, trigliseridi 0.9.

Maabara nyingi hazipimi LDL, zinaikokotoa: kolesteroli jumla, toa HDL, toa trigliseridi gawanya kwa 2.2. A inapata 4.0, B inapata 4.2. Mtu akitazama LDL tu atasema hali zao ni moja, au B ni mbaya zaidi. Sasa toa HDL kwenye jumla. A inabaki na 5.3, B na 4.6. Nambari hii inabeba chembe zote zinazoweza kukwama kwenye mshipa, na A ndiye mwenye nyingi.

A: trigliseridi zaidi ya 1.7, HDL chini ya 1.0. Mpime kiuno. Mwanamume zaidi ya sentimita 94, mwanamke zaidi ya 80, picha imekamilika. Huyu ukimkataza nazi na kumwachia chai ya vijiko 3 na sahani mbili za wali mweupe, utamrudisha kwangu na karatasi ile ile. Aanze na sukari, soda, wali na mkate mweupe. Trigliseridi huitika upesi, ndani ya siku hadi wiki chache.

B: sukari si mkosaji hapa. Tazama tui, samli, mafuta ya kopo, na kahawa. Ndiyo, kahawa, mwenye ujuzi wake aje. LDL ikiwa juu ya 5 na kuna ndugu aliyepata mshtuko wa moyo kijana, hilo linaweza kuwa la kuzaliwa nalo. Chakula peke yake hakitalimaliza, daktari ataanzisha dawa.

Tahadhari ya hesabu: trigliseridi zikipita 4.5, kanuni ile inavunjika na LDL iliyoandikwa si ya kuaminika. Rudia ukiwa umefunga saa 10 hadi 12, maji tu.

#11 Mdila_wa_Shaba
Kahawa naijibu mimi. Kahawa yetu huchemshwa kwenye mdila juu ya makaa, haichujwi, mashapo yanatua chini. Mafuta ya buni yana kitu kiitwacho kafestoli ambacho huzidisha LDL. Watafiti wa Tromsø, Norway, waliona mwaka 1983 kwamba wanywaji wa kahawa walikuwa na kolesteroli ya juu, na kule walikuwa wakiichemsha kama sisi. Walioipitisha kwenye karatasi ya kuchujia hawakuwa na shida hiyo, karatasi huzuia kafestoli.

Finjani mbili kwa siku si kitu. Anayekaa barazani akanywa 10 na LDL yake iko juu, amimine kahawa iliyoiva kwenye karatasi ya kuchujia kabla ya kurudisha kwenye mdila. Kitambaa kizito nacho husaidia, ingawa karatasi ni bora. Tangawizi na iliki tia baada ya kuchuja. Na kahawa chungu inywewe chungu, ukiiongoza kwa kipande cha halua umerudi kwa Bi Kifumbu.

#12 Mtu_wa_Langoni
Basi nikielewa, mwasema nazi ipunguzwe. Na mahali pake paingie nini? Maana sahani haibaki wazi.

#13 Lishe_na_Moyo
Hapo ndipo penye siri, na watafiti wenyewe walichelewa kuiona. Mapitio ya Cochrane (shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba) ya mwaka 2020 yaliunganisha majaribio 15 ya kupunguza mafuta yaliyoshiba kwa miaka 2 au zaidi, na matukio ya moyo na kiharusi yakipungua kwa karibu asilimia 17. Vifo kwa jumla havikubadilika sana katika muda huo. Faida ilionekana zaidi pale mafuta yale yalipopewa nafasi na mafuta ya mimea yasiyoshiba, na ushahidi wa kuweka wanga badala yake ni dhaifu.

Sahani ya wali ya Bi Kifumbu ina mchele gramu 125 kwa mtu, yaani karibu gramu 100 za wanga. Ukiondoa tui na kuongeza wali, umehama chumba kimoja kwenda kingine ndani ya nyumba ile ile. Pika mchele gramu 80 kwa mtu, jaza pengo kwa mbaazi au kunde nusu sahani, mchicha, na kipande cha vibua au jodari wa kuchoma. Nyuzi za mbaazi huvuta LDL chini. Mafuta kijiko cha alizeti au simsim kwenye kachumbari, korosho kiganja.

Upande wa sukari: utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 uliowafuatilia watu kwa miaka uliona kwamba waliopata robo ya nguvu yao kutoka sukari iliyoongezwa walikufa kwa maradhi ya moyo mara 2.75 ya waliokuwa chini ya asilimia 10. Ni uhusiano, haujathibitisha sababu peke yake, lakini pamoja na jinsi ini linavyofanya kazi sioni kwa nini mtu aendelee kutetea vijiko 3.

#14 Mwana_Shela
Swali la mwisho. Ramadhani ikiisha nikapime lini? Futari ina tende, uji, kaimati na vibibi, naogopa karatasi itasema uongo.

#15 Mpima_Damu
Haitasema uongo, itasema ukweli wa futari. Ukitaka ukweli wa mwaka, subiri wiki 4 baada ya Idi, ukila kama kawaida yako. Usipime ukiwa na homa au wiki chache baada ya ugonjwa mkali, LDL hushuka kwa uongo. Ukibadilisha tui au kahawa, rudia baada ya wiki 6, maabara ile ile, saa za asubuhi. Na mwandike kwenye bahasha ulichobadilisha, kimoja kwa mara moja. Anayeacha tui, sukari na kahawa kwa pamoja hatajua kilichomsaidia.

#16 Mtu_wa_Langoni
Yeo natenga nazi moja. Ya pili iko darini, inasikiliza.